Atokee wa Kubisha: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Uthibitisho wa Hisabati

Mwanafunzi anayeanza mwaka wa kwanza wa hisabati katika chuo kikuu hapa Tanzania huja akiwa fundi wa kukokotoa. Amepita PCM, amefanya maswali ya mitihani iliyopita ya NECTA hadi karatasi zimechakaa, na ukimpa intigro ndefu ataimaliza bila kuinua kichwa. Kisha anakutana na swali lisilomtaka atafute chochote. Linasema: thibitisha kwamba jumla ya namba mbili witiri ni namba shufwa. Jambo lenyewe analijua tangu shule ya msingi. Sasa aandike nini?

Nimefundisha kozi ya uthibitisho kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeifundisha kwa vikundi. Ninaamini kwa dhati kwamba hakuna njia inayofaa zaidi. Uthibitisho huandikwa ili kumridhisha mtu mwenye shaka, na mwanafunzi aliyejifungia na daftari lake hana mtu huyo. Mhadhiri naye hawezi kuwa mtu huyo kwa darasa zima. Akisahihisha, kalamu nyekundu hufika wakati mwanafunzi amekwisha kusahau alikuwa akifikiri nini. Mwenye shaka anatakiwa awe ameketi pale pale, sentensi ikiwa bado inaandikwa.

Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Dai la uongo hufungua darasa vizuri kuliko dai la kweli

Siku ya kwanza nawapa fomula n² + n + 41, inayohusishwa na Leonhard Euler, mwanahisabati wa karne ya 18. Swali: je, kwa kila namba nzima n kuanzia sifuri, jibu ni namba tasa?

Vikundi hugawana kazi mara moja. Huyu anachukua 0 hadi 5, yule 6 hadi 10. Wanapata 41, 43, 47, 53, 61, 71. Kwa n = 10 wanapata 151, tasa. Kwa 20 wanapata 461, tasa tena. Kufikia hapo vikundi vingi vimeshaandika "ndiyo" na wengine wameanza kukusanya madaftari.

Dai hilo linashika kwa kila n kuanzia 0 hadi 39. Kwa 40 linavunjika, kwa sababu 40² + 40 + 41 ni 1681, yaani 41 mara 41. Mara nyingi anayelivunja ni yule aliyekuwa amenyamaza akiitazama fomula yenyewe, kisha akasema, "Tukiweka 41 je? Kila kipande kitagawanyika kwa 41." Hakuhitaji kikokotoo. Mifano 40 mfululizo ilikubali, na dai bado ni la uongo.

Ningeweza kuwaambia kwa sentensi moja ubaoni kwamba mifano haitoshi kuwa uthibitisho. Wangeinakili, na wiki inayofuata wangeniletea uthibitisho wenye mifano mitatu. Aliyekwisha kuapa mbele ya wenzake kwamba fomula ni ya kweli, kisha mwenzake akaibomoa kwa mstari mmoja, hasahau.

2. Watatu, kwa kura, na chaki moja

Wanafunzi wetu wanajua kusoma pamoja tangu zamani. Jioni yoyote, ukipita kwenye vimbweta, utakuta diskasheni zimepamba moto. Lakini nyingi zina sura moja: mmoja anayejua anaeleza, wengine kumi wanaandika. Huo ni mhadhara mwingine tu, umehamishiwa chini ya mti.

Kwa hiyo vikundi vyangu ni vya watu watatu. Wakiwa wanne, wawili huzungumza na wawili hutazama. Wakiwa wawili, wakikwama wamekwama. Nawapanga kwa kura, na kura hupigwa upya kila kipindi, ili pasiwe na kikundi cha "vichwa" na kikundi cha waliobaki. Peter Liljedahl, mtafiti wa elimu ya hisabati wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, ndiye aliyeieneza sana kanuni hii ya kuwapanga watu kwa bahati nasibu na kuwasimamisha mbele ya ubao unaofutika. Kumbi zetu zina viti vilivyofungwa sakafuni, na ubao ni mmoja kwa darasa zima, basi tunatoka nje, au tunabandika karatasi za manila ukutani. Kinachohitajika ni sehemu moja ya kuandikia ambayo wote watatu wanaitazama. Madaftari matatu hutengeneza watu watatu wanaofanya kazi jirani.

Kanuni ninayoisimamia kuliko zote hapa ni hii: mwenye chaki haandiki wazo lake, anaandika wazo la mwenzake, na chaki inapokezanwa. Bila kanuni hiyo, msichana akiwa mmoja kati ya wavulana wawili hugeuzwa katibu. Atapewa kuandika kwa sababu ana mwandiko mzuri, na kipindi kitaisha bila yeye kutoa hoja hata moja. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na sikubali kulichukulia kuwa jambo dogo.

3. Ubishi ugeuzwe wadhifa

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na ndipo palipo pagumu zaidi kwetu.

Darasa letu lina vijana waliotoka kidato cha sita, na lina pia walimu waliorudi masomoni baada ya kufundisha sekondari kwa miaka, watu wazima wenye familia. Kijana hamkatizi mtu wa umri huo. Hata kati ya wenye rika moja, kumwambia mwenzako "hujathibitisha" mbele ya watu huonekana kama kumvunjia heshima. Matokeo yake ni makubaliano ya haraka. Mmoja anaandika, wengine wanatikisa kichwa, karatasi inakuja kwangu ikiwa na pengo ambalo watatu wote waliliona.

Adabu hiyo siitaki iondoke, ni adabu njema. Nilichofanya ni kuufanya ubishi kuwa kazi ya mtu. Kila kipindi, mmoja kati ya watatu hupangiwa kwa kura kuwa mbishi. Wajibu wake ni kutokubali sentensi yoyote mpaka apewe sababu. Asipobisha, ndiye ameshindwa kazi yake. Kijana sasa ana ruhusa, na mkubwa hana sababu ya kukasirika.

Turudi kwenye zile namba witiri. Mwalimu mmoja mwenye uzoefu, mtu aliyeheshimika darasani, aliandika: namba witiri ina umbo 2k + 1, basi jumla ni (2k + 1) + (2k + 1) = 4k + 2 = 2(2k + 1), ambayo ni shufwa. Nadhifu kabisa. Mbishi wa siku ile alikuwa binti aliyetoka shule mwaka uliotangulia. Akasema, "Samahani kaka, leo mimi ndiye mbishi. Ya kwanza ni k, na ya pili ni k. Nikitaka kujumlisha 3 na 7, hiyo k ni ngapi?"

Jibu halikuwepo. Alichothibitisha ni kwamba namba witiri ikijumlishwa na yenyewe inatoa shufwa, basi. Wakakaa nalo, hatimaye wakaandika 2k + 1 na 2m + 1, jumla ikawa 2(k + m + 1). Tofauti ni herufi moja. Lakini ndani ya herufi hiyo mna jambo zima la kusema "kwa namba zozote mbili", na siamini maelezo yangu yoyote yangelifikisha kama lilivyofikishwa na swali la yule binti. Yule kaka, katika vipindi vilivyofuata, alikuwa akiuliza mwenyewe kabla hajabishiwa: "Hapa nimechukua yoyote, au nimechukua ninayoitaka?"

Mbishi anahitaji kufundishwa pia. Mwanzoni hubisha ovyo, "sijaelewa" kwa kila mstari, na kikundi kinachoka. Nawapa maswali matatu ya kuanzia: herufi hii umeitambulisha wapi? Mstari huu umetoka katika mstari upi? Na je, ulichopewa katika swali umekitumia wapi? Swali la tatu ndilo lenye makali. Uthibitisho ambao haukugusa sharti mojawapo, ama sharti hilo halikuhitajika, ama kuna mahali umeteleza. Kwa maswali ya kozi ya kwanza, karibu kila mara umeteleza.

4. Kiswahili mezani, Kiingereza karatasini

Mwanafunzi wetu alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akahamishiwa Kiingereza sekondari, na mtihani wa chuo ataufanya kwa Kiingereza. Vikundi vikiachwa huru, mjadala hurudi kwenye Kiswahili ndani ya dakika chache. Wako wenzangu wanaokataza. Mimi nahimiza.

Sababu yangu ni kwamba hoja mbovu hujificha vizuri ndani ya lugha ambayo msemaji haimudu. Mwanafunzi anayepanga mishale na alama kurasa nzima anaweza asiwe amesema chochote. Mbishi akimwambia, "Hebu nisomee mstari huo kwa maneno yako," ndipo inajulikana kama kuna kitu. Chukua kauli hizi mbili: kwa kila namba ipo namba kubwa kuliko hiyo, na, ipo namba iliyo kubwa kuliko kila namba. Zikiandikwa kwa alama zinatofautiana kwa mpangilio tu, na wengi huzichanganya. Zikisemwa kwa sauti kati ya watu watatu, hakuna anayeikubali ya pili.

Kisha wanaandika kwa Kiingereza, kwa sentensi kamili. Kazi hiyo huwa rahisi, kwa sababu wanachoandika sasa wanakijua.

5. Peleka hoja mahali isipopaswa kufika

Uthibitisho kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili hufundishwa kila mahali, na wanafunzi huukariri kwa urahisi wa kutisha. Tuseme ni a juu ya b, sehemu imerahisishwa hadi mwisho. Basi a² = 2b², kwa hiyo a² ni shufwa, kwa hiyo a ni shufwa. Andika a = 2c, utapata b² = 2c², na b nayo ni shufwa. Lakini tulisema sehemu imerahisishwa. Ukinzani, mwisho.

Vikundi vikimaliza, navipa kazi moja tu: tumieni maneno hayo hayo kuthibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 4 nacho hakiwezi kuandikwa hivyo. Kila mtu anajua kipeuo cha pili cha 4 ni 2. Kwa hiyo hoja lazima ivunjike mahali fulani. Wapi?

Ni zoezi ninalolipenda kuliko yote katika kozi. Wanaandika a² = 4b², kwa hiyo a² inagawanyika kwa 4, kwa hiyo a inagawanyika kwa 4. Mbishi anasema, hapana, 2² ni 4 lakini 2 haigawanyiki kwa 4; na 6² ni 36. Wamelikamata. Hapo hapo swali linawarudia lenyewe bila mimi kusema neno: sasa kule kwa 2 tulipata wapi haki ya kuruka kutoka a² hadi a? Inabidi warudi kuthibitisha kwamba witiri mara witiri ni witiri, jambo ambalo kwenye uthibitisho waliokariri lilikuwa limepitishwa kimya kimya. Baada ya kipindi hicho wanaweza kuutetea uthibitisho huo mstari kwa mstari.

6. Kusikia ni kazi moja, kusoma ni kazi nyingine

Hoja ikielezwa kwa mdomo, mikono inasaidia, sura inasaidia, na msikilizaji anaziba mapengo kwa hisani yake. Karatasi haina mikono. Kwa hiyo kila uthibitisho ulioandikwa unapelekwa kwa kikundi kingine, unasomwa kwa sauti neno kwa neno, na mwandishi yupo lakini haruhusiwi kusema. Akilazimika kusema "nilimaanisha", sentensi hiyo inaandikwa upya.

Nawasimulia habari ya Andrew Wiles. Mwezi Juni 1993, mjini Cambridge, alitangaza kwamba amelithibitisha dai la Fermat lililokuwa limewashinda watu kwa zaidi ya miaka 350. Mapema mwaka huo, mwenzake wa Princeton, Nick Katz, alikuwa amekaa katika mihadhara ya Wiles akiisikiliza sehemu ya hoja hiyo. Alipopewa muswada auhakiki, akausoma mstari kwa mstari akituma maswali kila alipokwama, ndipo lilipoonekana pengo kubwa. Wiles, akisaidiwa na mwanafunzi wake wa zamani Richard Taylor, alipata njia ya kulivuka mwaka 1994, na kazi ikachapishwa mwaka 1995. Msikilizaji mmojawapo wa walio hodari kabisa duniani hakuliona kwa kusikia. Aliliona kwa kusoma.

Darasani kwetu jambo hilo hutokea mara nyingi kwenye uthibitisho wa Euclid, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, kwamba namba tasa hazina mwisho. Kikundi huandika: chukua namba tasa ulizo nazo, zizidishe, ongeza 1, namba inayopatikana ni tasa mpya. Ukiisikia inapita. Msomaji wa kikundi cha pili akiijaribu kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13 anapata 30031, na akiwa na subira ataona kwamba hiyo ni 59 mara 509. Si tasa. Hoja ya Euclid inasema jambo pungufu kidogo, na la kweli: namba hiyo lazima igawanyike kwa namba tasa fulani, na tasa hiyo haiwezi kuwa katika orodha yako, kwa sababu kila iliyo katika orodha inaacha baki ya 1. Ndivyo ilivyo kwa 59 na 509.

7. Kikundi kinafikiri, mtu mmoja anaandika

Asaimenti ya kikundi yenye karatasi moja na majina mengi ni mlango wa desa. Mmoja anafanya, wengine wanaweka namba za usajili. Kwa uthibitisho hasara ni kubwa zaidi, maana ustadi wenyewe uko katika kuandika.

Kwa hiyo ubao unafutwa. Kikundi kikiridhika na hoja, kila mmoja anaondoka bila nakala na kuiandika peke yake. Alama ni zake. Kwenye semina naweza kumwita yeyote aeleze mstari wowote wa karatasi yake mwenyewe, na anayeshindwa anarudi kwa wenzake kabla ya kurudi kwangu.

Katika historia ya ufundishaji huu yupo R. L. Moore wa Chuo Kikuu cha Texas, aliyewaachia wanafunzi wagundue uthibitisho wote wenyewe na kuutetea ubaoni, lakini akiwakataza kushauriana. Alitoa wanahisabati mashuhuri. Alikataa pia kuwafundisha wanafunzi weusi, na sioni sababu ya kutaja njia yake bila kutaja hilo. Mimi niko karibu zaidi na Uri Treisman. Miaka ya 1970, huko Berkeley, aliangalia kwa karibu wanafunzi wanavyosoma kalkulasi. Aliona wanafunzi wengi weusi wakifanya kazi kwa bidii kubwa, kila mtu peke yake, huku Wamarekani wengi wenye asili ya China wakisoma peke yao kwanza, kisha wakikutana kukaguana. Akaanzisha warsha za vikundi zenye maswali magumu, bila kuzipa jina la msaada kwa wanyonge, na matokeo ya walioshiriki yalipanda. Zamu zile mbili, peke yako na pamoja, ndizo ninazozilinda. Na ugumu wa maswali pia: swali jepesi halihitaji watu watatu, na wanafunzi huling'amua hilo haraka kuliko mwalimu.

8. Punguza madai, muda uache

Njia hii inakula muda. Kile ambacho ningekiandika ubaoni kwa robo saa, vikundi hukichukulia kipindi kizima, na orodha ya mada haifiki mwisho. Wasaidizi wa semina nao wanahitaji kufundishwa kutembea kati ya vikundi bila kutoa majibu, jambo linalowashinda walio hodari zaidi kwa sababu jibu linawawasha mdomoni.

Nimechagua cha kuacha. Ujenzi wa namba halisi kwa mikato ya Dedekind nimeuacha kwa kozi ya uchambuzi ya mwaka wa pili. Majedwali ya ukweli nayapitia upesi, kwa kuwa waliyasoma kidato cha tano. Siachi kipeuo cha pili cha 2, siachi namba tasa, na indaksheni naipa wiki zake zote. Hoja ya Georg Cantor ya mwaka 1891, kwamba namba halisi haziwezi kupangwa zote katika orodha moja, nayo haiondoki, maana ndiyo inayowapa wabishi kazi kubwa kuliko zote. Kila kikundi hutoa mtu anayeuliza kwa nini namba iliyokosekana isiongezwe tu mwanzoni mwa orodha, na kikundi hicho hicho kinatakiwa kumjibu kwa maandishi, kwa sentensi kamili, mpaka aridhike.